Mawingu Aliyoyatupa Menno

Kwetu, pwani ya baridi ya kaskazini, chai haikorogwi. Unatia donge la sukari-mawe kikombeni, unamimina chai nyeusi nzito juu yake mpaka donge lilie na kupasuka, kisha unachukua kijiko kidogo na kuilaza krimu ukingoni mwa kikombe, polepole, kama unayemlaza mtoto aliyepitiwa na usingizi. Krimu inazama, inapotea kabisa, halafu inapanda tena huku imefumuka kama ua. Tunakaita kawingu. Ukishakaona, unakunywa. Anayekoroga hutazamwa kama mtu aliyeingia sebuleni na viatu vya matope.

Kaka yangu Menno Ubben hakuwa akikoroga, lakini hakuwa akinywa pia. Alikuwa akiinama mpaka mvuke unamlowesha pua, anatazama. Mama alifua nguo za watu, na wakati wa chai ndio pekee aliokaa chini, kwa hiyo jambo hilo lilimuudhi.

"Menno, kunywa! Hiyo ni chai, si sinema."

"Mama, kwa nini kanashuka halafu kanapanda?"

"Kwa sababu hakakukuuliza wewe. Kunywa."

"Na kwa nini jana kalipinda kushoto, leo kanapinda kulia?"

"Geesche," mama akanigeukia mimi, "mwondolee kaka yako hicho kikombe kabla sijakimwaga kichwani mwake."

Baadaye, alipokuwa mtu wa kuandikwa magazetini, waandishi walimuuliza alianza lini kusoma mawingu, naye akawatajia chuo kikuu na profesa aliyemfundisha fizikia. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza. Najua alianza lini.

Baba yetu alikuwa kibarua wa tuta la kuzuia bahari, wa kubeba udongo na kuziba mashimo ya fuko. Mimi niliacha shule mapema nikaenda kuoka mikate. Katika ukoo mzima Menno ndiye wa kwanza kwenda chuo kikuu, na siku alipoondoka kwenda kusini, kwenye milima, Mjomba Habbo alikuja kumuaga.

"Unakwenda kusoma nini huko?"

"Mawingu, mjomba."

"Mawingu!" Mjomba akaelekeza kiko chake dirishani, ambako mvua ilikuwa ikinyesha tangu Jumapili. "Hapa yamejaa, tena ya bure, wewe unapanda treni kuyafuata? Kasome jua, mwanangu. Hilo ndilo sisi hatulijui."

Tulicheka, na Menno akacheka kuliko wote.

Kazi yake nilikuja kuielewa kidogo kidogo, kwa sababu kila Krismasi alikaa jikoni kwangu akinieleza huku mimi nakanda unga. Tone la wingu, alisema, ni dogo mno, linaelea tu. Haliwezi kuwa mvua mpaka likutane na jingine na kuungana nalo, kisha hayo yakutane na jingine tena. Watu wa hesabu walipiga hesabu zao wakaona kwamba matone yakiachwa yashuke yenyewe, yatachukua muda mrefu sana kukutana. Lakini kila mwanamke aliyewahi kuanika nguo anajua wingu halina subira hiyo. Unatoka kununua siagi, unarudi, shuka zimelowa.

"Basi kuna kitu kinayaharakisha," Menno alisema.

"Kitu gani?"

"Vurumai. Hewa ndani ya wingu haitulii, Geesche. Inazunguka, inajikunja, inasukumana kama watoto wanaotoka shule. Matone yanatupwa huku na huku, mengine yanashindwa kukata kona, yanagongana. Mimi nataka kuyaona yakikutana. Si kwenye karatasi. Kwa macho."

Hicho ndicho alichokitaka maishani. Hakuwahi kunitajia kingine.

Karibu na kilele cha mlima mmoja kule kusini kuna nyumba ya mawe iliyobandikwa kwenye mwamba, na mawingu hupanda kutoka bondeni yakapiga madirisha yake. Hapo Menno na wenzake walilaza reli nje, na juu ya reli wakaweka sanduku lenye kamera. Sanduku lilikimbia pamoja na wingu, kwa mwendo uleule wa upepo, ili matone yaonekane kama yamesimama mbele yake. Mwanga wa leza uliyamulika, kamera zikayapiga picha kutoka pande tofauti, kompyuta ikasema kila tone liko wapi.

Mwaka ambao binti yangu Imke alianza shule, Menno alinipigia simu akiwa hawezi hata kumaliza sentensi. Siku za upepo mkali alikuwa ameona matone yakienda mawili mawili, yamekaribiana, mengi kupita hesabu zote.

"Mapacha, Geesche! Wanatembea kama wameshikana mikono!"

Jina likabaki. Hata nchi za mbali watu wa kazi yake waliwaita mapacha wa Ubben, na wanafunzi wakafundishwa habari zao kama jambo lisilo na ubishi.

Watoto wengine hakupata. Kulikuwa na Hilke, mwalimu wa chekechea hapa kwetu, mcheshi, mwanamke wa kukaa naye. Alimsubiri sana. Lakini wingu haliji kwa miadi, na kila walipopanga jambo, utabiri ulibadilika na Menno akakimbilia treni. Mwishowe Hilke akaolewa na fundi bomba. "Wifi," aliniambia, "huyu angalau nyumba ikivuja nikampigia simu, anakuja."

Mama alipokufa, Menno alikuwa mlimani. Wingu zuri lilikuwa limeingia. Alifika vikombe vya chai ya maziko vimeshaoshwa na kufutwa. Sikumgombeza. Nilimtazama tu amesimama katikati ya jikoni, kofia mkononi, anatafuta mtu wa kumwomba radhi.

Mimi ni mtu wa kuangalia watu. Tangu Imke aanze kuendesha gari la wagonjwa sijui usingizi mzima ukoje, na jicho limezoea. Kwa hiyo Pasaka ya mwaka wa mwisho wa kazi yake, Menno aliposimama katikati ya ngazi zangu akainama kufunga kamba za viatu, niliona kwamba viatu vyake havina kamba. Alikuwa anatafuta pumzi tu, na midomo yake ilikuwa imegeuka bluu. Nilimpeleka kwa daktari kwa nguvu, na daktari akasema vali ya moyo imekaza, kifua kifunguliwe. Menno akakubali, ila baada ya kustaafu kwake vuli, si kabla.

Pasaka hiyo hakuja peke yake. Alikuja na Torunn, Mnorwe wa Bergen, msichana mrefu mwenye nywele fupi, mwanafunzi wake wa mwisho ambaye sasa alikuwa amepata shahada ya udaktari na alifanya kazi kwake. Mkataba wake ulikuwa wa kwisha mwisho wa mwaka. Nilimwandalia chai. Nikamlazia krimu. Akachukua kijiko, akakoroga.



"Ameua kawingu!" Imke akapiga kelele.

"Mwacheni," Menno akasema. "Kwao Bergen inanyesha kila siku, hawana muda wa kungojea wingu."

Torunn akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nisamehe, mama."

"Hakuna neno, mwanangu. Ni chai tu."

Lakini nilikuwa nimemwona akikoroga huku macho yake yako kwa Menno, si kwenye kikombe. Nikajua huyu mtoto amekuja na kitu, na nikaogopa.

"Profesa," akasema, macho kwenye kikombe, "nimezihesabu zile siku mbovu."

Hapo lazima niseme siku mbovu ni nini. Kule mlimani, wingu nene lililojaa matone waliliita wingu zuri. Likija wingu jepesi lenye matone machache, waliita siku mbovu. Walipiga picha zao kidogo, wakaziweka pembeni, wakaenda kunywa supu. Watu walikuwa wachache na kuhesabu ni kazi. Nani apoteze wiki kwa wingu lililo karibu tupu? Ilikuwa desturi ya nyumba ile tangu mwanzo. Menno mwenyewe hakukumbuka nani aliianzisha.

"Takataka zile?" akauliza, bado anatabasamu. "Za nini?"

"Nilitaka nione mapacha wakipungua pale upepo unapopungua."

"Na?"

"Kuna siku mbovu zenye upepo mkali sana, Profesa. Wingu jepesi, upepo mkali." Akainua macho. "Mapacha hawapo."

Menno akaweka kikombe chini.

"Halafu nikatafuta siku nzuri zenye upepo hafifu. Si nyingi, lakini zipo. Wingu nene, hewa karibu imetulia."

"Na mapacha?"

"Wamejaa."

Mimi sikuelewa. Nilichoona ni rangi ikimtoka kaka yangu usoni, kuanzia paji la uso kushuka chini. Nikauliza kuna nini. Akachukua madonge ya sukari, akayamwaga juu ya kitambaa cha meza, akaanza kueleza, na sijui kama alikuwa akinieleza mimi au nafsi yake.

"Chukulia ni gulio la Ijumaa. Wewe umesimama mlangoni mwa kanisa, Imke yuko kwenye mnara wa maji, Torunn yuko kwa muuza samaki. Kila mmoja ananyoosha kidole anakomwona mtoto mwenye kofia nyekundu. Vidole vitatu vikikutana mahali pamoja, nasema mtoto yupo hapo. Sawa?"

"Sawa."

"Sasa gulio limefurika, na kila mtoto ana kofia nyekundu. Vidole vinapishana kila mahali. Vitakutana hata pale ambapo hakuna mtoto."

"Sasa huyo ni nani?" Imke akauliza.

"Mzimu," Torunn akajibu. "Kazini tunaita hivyo."

"Tuliwajua mizimu," Menno akasema. "Tuliwachuja!"

"Tuliwachuja wanaotokea na kupotea. Lakini mzimu anayezaliwa karibu na tone la kweli hutembea nalo, Profesa. Kamera zikilifuata lile, zinamchukua na huyu."

"Kama wameshikana mikono," Menno akasema polepole.

"Ndiyo."

"Na upepo?"

"Upande ule wa mlima, upepo mkali mara nyingi ndio unaoleta wingu nene. Tukadhani ni upepo unaowaleta mapacha. Kumbe ni msongamano. Wingu jepesi lingetuambia."

"Na wingu jepesi nililitupa."

Mimi, kwa woga, nikasema kuna keki ya siagi, tule kwanza. Menno akanitazama, akacheka kidogo.

"Geesche bwana. Dunia itaungua, wewe utatafuta kisu cha kukatia keki."

"Kula, kaka. Umekuwa mweupe."

Hakula. Alisema kuna njia moja ya kujua kwa hakika. Walifungie wingu nene ndani ya sanduku, wateremshe vifuniko pande zote, waiache hewa itulie kabisa, ndipo wapige picha. Kama mapacha ni watoto wa vurumai, vurumai ikifa nao wataachana. Kama watabaki, basi ni mizimu na hawakuwahi kuwa kitu kingine. Torunn alisema linaweza kufanyika hata bila yeye, apumzike, afunguliwe kifua kwanza.

"Nataka kujua kabla," alisema kaka yangu. "Sitaki kulala pale mezani kwa madaktari sijui kama niliwahi kuwa na watoto au la."

Kutengeneza vifuniko kulichukua kiangazi chote. Septemba tukapanda mlimani. Daktari alikataza, nami nilikataza, lakini Imke aliniambia, "Mama, atakwenda tu. Mgonjwa wa moyo hapandi kwenye hewa nyepesi peke yake. Nenda naye." Nikaenda na begi la dawa zake na skafu ya sufu, nikawa nakaa kwenye kiti cha jikoni cha nyumba ile ya mawe, nasikiliza pumzi zake kila alipopita.

Na wingu halikuja. Jua liliwaka siku hadi siku, anga bluu. Chini yetu, kwenye baraza la hoteli, watalii walivua makoti na kunywa bia, wakishukuru hali ya hewa. Torunn alitembea kutoka dirisha moja hadi jingine.

"Mjomba Habbo angefurahi sana," Menno akasema. "Hatimaye nasoma jua."

Nilikuwa nikiomba lisije. Nasema kweli, kila asubuhi nilifungua pazia na kuona bonde jeupe kwa jua, nikashukuru.

Likaja alasiri moja, bila kelele. Kwanza bonde lilipotea, kisha reli, kisha hata kioo cha dirisha kikawa cheupe. "Zuri," akasema Torunn kwa sauti ndogo. Sanduku likajaza wingu tumboni mwake, vifuniko vikashuka. Wakangoja. Ilisikika feni ya kompyuta tu. Nilimwona Torunn akiinamia kioo cha kompyuta, akihesabu, akirudia kuhesabu. Kisha akanyanyuka, akamsogezea Menno kiti, akasimama ukutani.

Kaka alikaa. Alitazama muda mrefu, shingo imeinama vilevile alivyoinamia kikombe cha mama.

"Bado wapo," akasema. "Hewa imetulia kama maji kisimani, na bado wapo."

Torunn akaanza kulia. Menno akageuka.

"Aa, binti, usilie. Umefanya kazi safi."

"Natamani nisingeifanya."

"Nami natamani ungekuja mapema zaidi."

Akainuka, akafungua mlango wa nje. Nikamfuata na skafu. Alikuwa amesimama kwenye sakafu ya chuma, wingu linampita, mkono ameunyoosha mbele na vidole havionekani vizuri.

"Kaka, baridi. Ingia ndani."

"Dakika moja."

"Midomo yako siipendi."

"Dakika moja tu, Geesche." Nyusi zake zilikuwa zimejaa maji. "Yapo hapa. Yananigonga usoni. Yanakutana mbele ya pua yangu, na sijui vipi."

Nikamfunga skafu shingoni.

Sherehe ya kumuaga ilikuwa Oktoba, kwenye taasisi yake mjini. Wazee wa kazi yake walikuwa wamepanda treni kutoka mbali. Kabla ya kuingia ukumbini, mkuu wa taasisi, Dokta Brandstetter, alituvuta pembeni. Ni mtu mwema, sina neno naye. Alikuwa ameshaambiwa.

"Menno, rafiki yangu, leo si siku yake. Watu wamekuja kukushukuru. Kafanye operesheni, upone, halafu tutaliandika taratibu, kwa maneno mazuri."

"Na nisipopona?"

"Utapona bwana!"

"Nisipopona, atabaki Torunn kulisema. Mkataba wake unakwisha. Watasema kabinti kalingoja mzee azikwe ndipo kamvue nguo. Nani atampa kazi?"

Brandstetter akatazama viatu vyake. Nami nikamshika kaka mkono wa koti.

"Msikilize. Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako," akasema, "nitazungumza nikiwa nimekaa."

Akazungumza akiwa amekaa. Aliwaonyesha sanduku, reli, akawachekesha kwa habari za miguu iliyoganda na supu ya mlimani. Watu walikuwa wanatabasamu. Kisha akawaonyesha wingu lililofungiwa. Alieleza bila kupamba, kama alivyonieleza mimi na madonge ya sukari. Akamaliza hivi: "Mapacha wa Ubben hawakuwahi kuwapo. Aliyeligundua hilo ni Dokta Torunn Aasen, nami nimelihakiki. Mawingu yaliyoweza kuniambia mapema niliyatupa, kwa sababu hayakuwa na kitu nilichokuwa nikikitafuta."

Wasomi wa kwetu hawapigi makofi mhadhara unapokwisha. Hugonga meza kwa vifundo vya vidole, ukumbi mzima, ukadhani mvua ya mawe inapiga bati. Nilikuwa nimeshausikia mlio huo mara nyingi, Menno alipokuwa akipewa hiki na kile. Safari hii hakuna aliyegonga. Watu walikaa na mikono mapajani. Kisha nikasikia meza moja, nyuma yangu. Ni Torunn. Alikuwa anagonga peke yake, kwa nguvu, uso umekunjwa kama mtu anayepigilia msumari. Mzee mmoja akaungana naye. Halafu wachache, hapa na pale, mlio mdogo kama wa mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyojua kama ina watu.

Kisha ikaletwa keki. Watu walimpa Menno mkono na kuzungumzia treni zao. Nilipokwenda kuchukua makoti, nilisikia wawili wakinong'ona upande wa pili.

"Miaka yote ile!"

"Angalau ameshastaafu."

Nikachukua makoti, nikatoka nayo nimetazama mbele, kama sikusikia.

Alirudi nami kaskazini kungojea operesheni, ambayo ilikuwa mwanzo wa Desemba. Hakuwa mtu wa kulalamika. Asubuhi alitembea hatua chache kuelekea tutani, akarudi. Torunn alimpigia simu mara kwa mara, na nilimsikia akimwambia, "Usiwaguse kwanza wale wazito. Anza na wepesi." Kuna siku alicheka kwenye simu. Lakini akishaikata alikaa na simu mkononi, kama mtu aliyesahau alitaka kumpigia nani. Nilikuwa nimeacha kumwambia anywe chai. Tangu mlimani nilimwacha ainamie kikombe mpaka apendapo.

Alasiri moja ya Novemba ukungu ulikuwa umefunga mpaka kwenye ua. Nikamimina chai, nikamlazia krimu, akainamisha kichwa. Simu ikalia ukumbini. Ni Imke, yuko kazini, na nilimshikilia kwenye simu muda mrefu: barabara ikoje, wanaona mbele, amevaa vizuri, apunguze mwendo. "Mama, naendesha gari la wagonjwa, si mkokoteni," akaniambia, nikamjibu mkokoteni ungenipa usingizi. Niliporudi kaka alikuwa bado ameinama. Nikakaa. Nikanywa changu huku nikimsimulia yote, ukungu, barabara, jeuri ya Imke. Nilisimulia kwa raha, kwa kuwa alinisikiliza bila kunikatiza.

Kisha macho yangu yakaangukia kikombe chake. Krimu ilikuwa imeshachanganyika kitambo, kama mtu angekuwa amekoroga. Chai ilikuwa rangi moja tu, na juu imeweka utando. Mle ndani hamkuwa na kitu cha kutazama.

Nikaweka changu chini.

Tulimzika nyuma ya kanisa, karibu na mama. Kutoka taasisini walikuja watu kadhaa, hata Brandstetter, wamevaa viatu visivyofaa udongo wetu. Hilke alikuja na fundi bomba wake. Baada ya maziko tukanywa chai na keki ya siagi, kama ilivyo kwetu, na nilimkalisha Torunn karibu nami. Nikamlazia krimu. Akaiweka mikono yake mapajani, akatazama mpaka kawingu kakapanda, kakafumuka, kakaanza kufifia. Ndipo akanywa. Kijiko hakukigusa.

"Wamenipa miaka mingine miwili, mama," akaniambia. "Kwa ajili ya yale mawingu mepesi."

"Alijua?"

"Nilimwambia kwenye simu. Siku ile alicheka."

"Na mapacha?"

"Tumewafuta. Nimeandika kwamba waliowafuta ni yeye na mimi. Jina lake limetangulia. Brandstetter hakutaka, alisema linamfunua. Tumegombana."

"Sasa mvua inakutanaje?"

Torunn akatikisa kichwa. "Hatujui, mama. Tulikuwa tunadhani tunajua."

Walipotoka kungojea gari la kuwapeleka stesheni, manyunyu yalianza. Si mvua hasa, ule unyevu wetu unaoshuka bila kuamua. Watu wote wa taasisi wakainua nyuso juu kwa pamoja, wamefumba macho nusu, kama Menno alivyokuwa akifanya kila akitoka mlangoni. Mimi nilitazama viatu vya Torunn. Vilikuwa vya kitambaa, na maji yalikuwa yameshaingia.

"Ingia ndani, mwanangu, utashikwa na baridi."

"Dakika moja, mama," akasema.

Nikaenda kumletea skafu.